Uchafu kwanza, mafuta baadaye: kusafisha na kulainisha siti za ngozi za gari hapa Malindi

Ijumaa moja nilimpakia ami yangu kutoka Shela nimpeleke msikitini. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, na kofia yake ya vito. Safari yenyewe haikufika dakika kumi. Aliposhuka, kijana mmoja aliyekuwa nyuma yake akamgusa bega: "Mzee, kanzu." Mgongo mzima, kuanzia mabegani hadi kiunoni, ulikuwa wa rangi ya tende. Ami akajigeuza, akaniangalia mimi, akaliangalia gari. "Mwanangu," akasema, "hili gari lako lapaka rangi?"

Lilikuwa lapaka kweli. Siku mbili kabla ya hapo nilikuwa nimezipaka siti polishi ya viatu. Niliziona zimefifia, nikasema ngozi ni ngozi, kinachofaa kiatu kitafaa na siti. Sasa polishi ya viatu ni nta na rangi. Jua la saa saba likipiga ndani ya gari lililofungwa, nta hulainika, na mgongo wa kwanza wenye jasho huondoka nayo. Nilipokuja kuzisafisha zile siti sawasawa, asubuhi nzima iliishia kwenye kuiondoa polishi. Chini ya polishi nikakuta uchafu, na chini ya uchafu nikakuta rangi yao ileile ya asili. Hazikuwa zimefifia. Zilikuwa chafu.

Tangu siku hiyo nimesafisha siti nyingi, zangu na za watu, na karibu kila mwenye gari anayenijia huuliza swali moja: nipake mafuta gani? Ni nadra mtu kuuliza nioshe vipi. Siti ya ngozi ya gari la kisasa haiharibiki upesi kwa kukosa mafuta. Huharibiwa na jasho, mchanga, chumvi na jua, na mafuta yakipakwa juu ya hayo huyafungia tu humo ndani.

Jua kwanza unachokalia

Sisi watu wa pwani tumelelewa na ngozi ya aina nyingine. Makubadhi ya Lamu ni ngozi tupu, ukiyapaka mafuta huyanywa. Ngozi ya ngoma ukiisogeza motoni hukaza, ukiilowesha hulegea. Ndiyo maana mzee akikuambia siti yako "ina kiu" hakudanganyi kwa makusudi, anaizungumzia ngozi anayoijua.

Ngozi nyingi za magari hazifanani na hiyo. Baada ya kudabaghiwa, yaani kutiwa dawa ngozi mbichi isioze, hupakwa rangi, kisha juu ya rangi hupigwa utando mwembamba wa poliurethani, ambayo ni jamii ya plastiki. Unaposafisha siti unausafisha utando huo. Unapopaka losheni, nyingi hubaki juu ya utando. Inayopenya hupitia kwenye mishono, kwenye vitundu na mahali palipokwisha kupasuka. Ukilielewa jambo hili, nusu ya makosa utayaepuka.

Lipo pia suala la kama hiyo ni ngozi kweli. Magari mengi yanayotangazwa kuwa ya siti za ngozi yana ngozi pale unapokalia na unapoegemea tu. Ubavu, mgongo wa siti na sehemu ya kichwa ni ngozi bandia. Na zile kava zinazoshonwa mjini, zinazoitwa za ngozi, mara nyingi ni plastiki juu ya kitambaa. Hakuna aibu, plastiki nzuri hudumu. Lakini plastiki hailainishwi kwa losheni ya ngozi: ioshe, iachie hapo, au uipake dawa ya plastiki inayokinga jua.

Bonyeza siti kwa kidole gumba. Ngozi hukunjamana, mistari midogo ikatawanyika kuzunguka kidole. Plastiki hubonyea tu, kama mto. Tazama vinyweleo: vya ngozi mara nyingi havifuati mpangilio, vya plastiki hujirudia kama chapa. Ikiwezekana, ingiza mkono chini ya siti uguse ukingo uliokunjwa ndani. Ukikuta upande wa ndani una manyoya manyoya, ni ngozi. Ukikuta kitambaa kilichofumwa, ni bandia.

Kisha dondosha tone moja la maji mahali pasipoonekana. Likikaa duara juu, ngozi yako ina utando, endelea na mwongozo huu. Likinyonywa na pakawa peusi, una ngozi isiyofunikwa, ambayo ni adimu na dhaifu. Punguza maji kwa kila hatua nitakayoitaja na ununue dawa iliyoandikwa kwamba ni ya ngozi ya namna hiyo. Na kama siti ina manyoya laini kama velveti, usiitie maji wala losheni. Hiyo hupigwa brashi kavu tu.

Kinachozila siti hapa kwetu

Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na jua lake halina haya. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, na huzuia karibu miale yote ya urujuanimno. Vioo vya pembeni vya magari mengi ni kioo kimoja, na hupitisha sehemu kubwa ya miale ile inayochosha rangi. Kwa hiyo usishangae siti ya nyuma, upande wa dirisha, ikipauka kabla ya siti ya dereva.

Jasho ndilo baya zaidi. Lina chumvi, lina mafuta ya mwili, na mtu aliyetoka kuogelea huongeza chumvi ya bahari na losheni ya jua. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo siti yenye chumvi haikauki vizuri hata kaskazi ikivuma. Mchanga nao hukaa kwenye mishono ukifanya kazi ya msasa. Ule mchanga unaometameta wa upande wa Mambrui, watu huupenda kwa picha. Mimi nikiuona kwenye siti huona msasa tu.

Tazama ubavu wa kulia wa siti ya dereva, ule unaosuguliwa na paja kila unapopanda na kushuka. Hapo ndipo siti zote huanzia kufa. Ukitaka kununua gari kuukuu, anza kutazama hapo kabla ya kusoma kilomita kwenye dashibodi.

Vifaa, na mambo ya kuacha nyumbani

Unahitaji ndoo mbili, vitambaa vya mikrofaiba sita au zaidi vya rangi nyepesi, brashi laini ya manyoya (ile ya kung'arishia viatu, lakini mpya, isiyowahi kuona polishi), mswaki laini wa zamani, na vakyumu yenye mdomo wa brashi. Vitambaa viwe vyepesi wa rangi kwa sababu moja: vikuonyeshe kinachotoka.

Dawa ya kusafishia, nunua iliyotengenezwa kwa ngozi ya magari, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya kati au asidi kidogo. Ngozi hudabaghiwa katika hali ya asidi, na sabuni ya kipande na sabuni ya unga ni alkali, pH 9 au 10 hivi na kupanda. Siku moja hazitaiua, ila mwaka mzima wa sabuni ya unga utauchosha utando na kuikausha mishono. Ukikosa dawa yenyewe, shampuu ya mtoto hufaa: kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, usizidishe. Povu likiwa jingi kuliko uchafu, utahangaika kulitoa.

Maji nayo yana habari yake. Visima vingi vya pwani maji yake ni ya chumvi. Kuoshea nje ya gari wengi huyatumia hivyo hivyo, lakini kwenye siti usiyatumie. Maji hukauka, chumvi hubaki, na utaona michirizi myeupe kwenye mishono. Tumia maji ya mfereji kama ni matamu, ya mvua uliyokinga, au hata chupa mbili za maji ya dukani. Kazi nzima haihitaji zaidi ya lita tano.

Yafuatayo nimeyaona yakitumika na nimeyaona matokeo yake. Petroli, thina na asetoni huondoa rangi pamoja na uchafu. Utafurahi kwa dakika moja. Blichi haihitaji maelezo. Tishu nyevu za watoto si za kila siku, zina vitu vinavyobaki juu. Ile sponji nyeupe ya kufutia kuta ni msasa laini, itakutolea doa na utando. Dawa ya kung'arishia dashibodi hufanya siti iteleze na kuwa kama kikaango mchana. Mashine ya maji ya shinikizo, ukimwona kijana wa kuosha magari anaielekeza ndani, mshike mkono.

Mafuta ya nazi nimeyaweka mwisho kwa sababu najua yatanigombanisha na watu. Kwa nywele, naam. Kwa wali, naam. Kwenye siti hukaa juu ya utando, hushika vumbi, huchafua nguo, na baada ya muda kwenye joto huweza kuvunda. Niliwahi kupewa gari lililopakwa mafuta ya nazi mwezi mzima; mwenyewe alilalamikia harufu, mimi nikakuta safu ya sisimizi imetoka mlangoni hadi kwenye mshono wa siti, wamejipanga kama wako kwenye foleni ya feri.

Saa na mahali

Fanya kazi siti ikiwa baridi. Asubuhi kabla ya saa tatu, au baada ya alasiri, kivulini. Siti yenye moto hukausha dawa kabla hujaipangusa na hukuachia madoa. Kivuli cha mwarobaini ni kizuri. Cha mwembe ni kizuri pia mpaka utakapoliona paa la gari lina utomvu. Kusi ikivuma sana na uwanja ni wa mchanga, ingia kwenye gereji au nyuma ya ukuta, la sivyo unaosha huku upepo unarudisha.

Toa kikavu kabla ya kuleta maji

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayochubua siti nyingi. Mchanga ukikutana na maji na brashi huwa tope la kusugulia. Sogeza siti mbele kabisa, kisha nyuma kabisa. Panua mkunjo ule ulio kati ya pa kukalia na pa kuegemea kwa vidole vya mkono mmoja, mkono mwingine ukiendesha vakyumu. Huko utakuta sarafu, maganda ya njugu, pini za buibui, na mchanga ambao ungeapa hukuuleta. Tumia mdomo wenye brashi. Ule wa plastiki tupu hukwaruza. Kisha pitisha brashi laini kavu kwenye mishono, na uvute tena.

Baadaye pangusa siti yote kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matupu kikakamuliwa. Kikitoka cheusi, geuza upande, endelea.

Jaribu mahali pamoja

Chagua sehemu ya chini, nyuma ya siti, ukubwa wa kiganja. Weka dawa kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua polepole, acha pakauke. Kitambaa kikitoka na uchafu wa kijivu au kahawia hafifu, ni sawa. Kikitoka na rangi ya siti yenyewe, simama. Ama dawa ni kali, ama siti ilikwisha kupakwa rangi na mtu kabla yako. Gari lililonunuliwa mkononi mwa mtu huwa na siri nyingi za namna hii.

Kuosha

Igawe siti vipande vipande kwa macho, kila kipande kama sentimita 30 kwa 30. Anza na mgongo wa siti ushuke chini, ili maji machafu yasipite palipo safi.

Dawa hunyunyizwa kwenye brashi au kitambaa, si kwenye siti. Sababu si unadhifu tu. Ndani ya siti za magari mengi kuna waya: vitambuzi vinavyojua kama kuna mtu ameketi, wakati mwingine vipasha joto, na ubavuni mifuko ya hewa, ile inayofumuka kumkinga mtu ajalini. Siti yenye vitundu vidogo hunyonya maji moja kwa moja hadi kwenye sponji, na sponji iliyolowa katika hali ya hewa ya Malindi haikauki kwa siku mbili. Itanuka kabla.

Sugua kwa miduara midogo, mkono mwepesi, kama unavyompaka mtoto mafuta. Povu likigeuka la kijivu, lipanguse mara moja kwa kitambaa kikavu kidogo kabla halijakauka. Hapa ndipo kazi ilipo: brashi huutoa uchafu kwenye mikunjo ya ngozi na kuuweka ndani ya povu, lakini povu usipolichukua, uchafu hurudi ulikotoka ukakauka tena. Geuza kitambaa kila mara. Mtu anayeniambia aliosha siti zote tano kwa kitambaa kimoja, mimi hujua kwamba aliugawa uchafu sawasawa kwa siti zote.

Kwenye mishono tumia mswaki, ukiufuata uzi kwa urefu wake, si kuukata. Uzi wa rangi nyeupe ndio utakaokuambia ulivyokuwa na siti chafu. Ubavu wa dereva na sehemu ya kichwa utarudia mara mbili au tatu. Mafuta ya nywele hukaa pale yakafanya kitu kama gamba linalong'aa. Watu hudhani mng'ao ule ni ngozi kulainika. Ngozi ya gari ikiwa safi huwa haing'ai, huwa na sura ya kufifia kidogo, na ukipitisha mkono haunati wala hautelezi sana. Ukifika hapo, acha.

Mwisho pitisha kitambaa chenye maji matupu kuondoa mabaki ya dawa, kisha kikavu. Fungua milango yote minne kivulini na usubiri saa moja au mbili. Feni husaidia. Jua halisaidii, na mashine ya kukaushia nywele ni mbaya zaidi: ngozi iliyolowa ikipata joto kali husinyaa, na ikisinyaa hairudi.

Madoa ya hapa kwetu

Hina ndiyo inayonitesa. Gari la harusi hurudi, bi harusi ameshuka salama, na kwenye siti kuna alama ya kiganja. Rangi ya hina hushikana na protini, ndiyo maana hukaa kwenye ngozi ya mtu na kwenye nywele, na ngozi ya ng'ombe nayo ni protini. Utando ndio utetezi wako. Hina ikiwa bado mbichi, iinue kwa ukingo wa kadi ya plastiki bila kuipakaza, kisha futa kwa kitambaa chenye dawa, kutoka nje kuelekea katikati. Ukiwahi ndani ya dakika chache, mara nyingi hutoka yote. Ikikauka usiku kucha mahali penye ufa, hapo hapana dawa, pana fundi wa rangi. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, ni kali zaidi ya hina. Mimi siku ya harusi hutandika shuka nyeupe bila kumuuliza mtu.

Leso mpya iliyolowa maji ya bahari ni hatari ambayo watu hawaitarajii. Unatoka ufukweni, unaitandika ukalie kwa nia njema kabisa, na rangi yake nyekundu inachujia siti ya rangi ya krimu. Jinzi mpya nayo hufanya hivyo hivyo polepole, buluu inaingia kidogo kidogo. Tumia taulo jeupe. Rangi iliyokwisha kuhamia, isafishe kwa dawa yako ya kawaida mara tatu nne kwa siku tofauti, usiitafutie kitu kikali siku hiyo hiyo.

Maji ya samaki yaliyovuja mfukoni yafyonze kwa kitambaa kikavu kwa kubonyeza, usipanguse, kisha osha kwa maji baridi. Maji ya moto huigandisha protini ya samaki mle ndani. Aiskrimu, ambayo hapa Malindi haikosekani kwa hisani ya Waitaliano, ina sukari na mafuta pamoja: osha mara mbili, la sivyo sisimizi watakukumbusha. Wino wa kalamu ukiwa mbichi hufutika kwa dawa ya ngozi. Ukikauka, spiriti itautoa pamoja na rangi ya siti, kwa hiyo pima ni lipi baya zaidi. Ubani wa kutafuna, weka barafu ndani ya mfuko wa nailoni juu yake, ugande, uubandue.

Kuvu inataka maneno zaidi. Mvua za Aprili na Mei zikianza, magari yanayolala yamefungwa hupata ukoga wa kijani au mweupe kwenye siti. Wanaopata taabu hii sana ni wenzetu wa Lamu. Lamu mjini gari halina kazi, punda ndiye mwenye njia, basi mtu huliacha gari bara, Mokowe, akavuka kwa boti, na huenda asilione kwa wiki tatu. Akirudi anafungua mlango, harufu inamlaki. Dawa yake: funika pua na mdomo, fungua milango yote, toa kuvu kwa brashi kavu ukiielekeza nje. Kisha changanya spiriti ya kupaka na maji nusu kwa nusu, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, lowesha kitambaa kidogo upanguse. Acha pakauke kabisa, osha kama kawaida, acha pakauke tena. Usipake losheni yoyote kabla ya siku mbili tatu kupita bila kuvu kurudi, maana kuvu hula mafuta hayo.

Kabla ya kuvuka, hakikisha siti ni safi na kavu. Usiache taulo bichi, viatu vya ufukweni, wala kapu la mhogo ndani. Zile pakiti ndogo za chembechembe za kunyonya unyevu, zinazokuja ndani ya viatu vipya, zikusanye, uziweke kumi au ishirini chini ya siti.

Sasa losheni

Siti ikiwa safi na kavu kabisa, ndipo zamu ya kulainisha. Chagua losheni nyepesi ya maji, iliyotengenezwa kwa ngozi ya magari, na ikiwa na kinga ya miale ya jua ni bora zaidi. Kwa hali yetu kinga hiyo ina kazi kubwa kuliko mafuta yenyewe. Kaa mbali na zinazoahidi mng'ao.

Weka kwenye kitambaa kiasi cha sarafu ya shilingi ishirini, hicho kinatosha pa kukalia siti moja. Paka kwa tabaka jembamba, ukikazia mishono, mikunjo na ubavu wa dereva, kwa sababu huko ndiko losheni inakopenya. Juu ya vitundu pitisha kitambaa kwa wepesi. Losheni ikijaa humo hukauka ikawa nukta nyeupe, utazitoa kwa kijiti cha meno moja moja. Niliwahi kuzitoa. Ilikuwa siti mbili, na ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyomwambia mwenye gari.

Subiri dakika 15 hadi 30, halafu chukua kitambaa safi kikavu ufute yote iliyobaki juu. Hapo watu huona uchungu kufuta dawa waliyoinunua, lakini iliyobaki juu haifanyi kazi yoyote isipokuwa kushika vumbi. Liache gari lilale usiku, mtu asikalie mpaka asubuhi.

Mara ngapi? Gari la familia linalozunguka mjini, vakyumu na kitambaa chenye maji kila wiki mbili, kuosha kwa dawa kila miezi mitatu, losheni mara mbili au tatu kwa mwaka. Mimi huipaka kabla ya joto la kaskazi, mwishoni mwa Novemba, na tena mvua kubwa zikishaisha. Gari la kubeba wageni wa ufukweni lioshwe kila mwezi. Losheni ya kila wiki ni kumtajirisha mwenye duka.

Nyufa na rangi iliyotoka

Losheni haizibi ufa. Ufa ni utando uliokatika, na ukishafika kwenye nyuzi za ngozi unahitaji kujazwa, kusuguliwa na kupakwa rangi ya ngozi ya siti, kisha kufunikwa upya. Nyufa nyembamba kama nywele mtu mwenye subira anaweza kuzifanya mwenyewe kwa seti ya dukani. Ikiwa ngozi imetatuka au uzi wa mshono umeoza, mpelekee fundi wa siti abadilishe kipande hicho kimoja. Muulize kwanza kama ataifungua siti yenyewe, na kama ubavuni kuna mfuko wa hewa mwambie mapema. Siti hizo hushonwa kwa uzi maalumu upande huo ili mfuko upate pa kutokea, na fundi asiyejua ataushona kwa uzi mnene.

Kila siku, kinachosaidia ni kidogo tu: pazia la kukunja nyuma ya kioo cha mbele, kuegesha gari kwa namna ambayo siti za upande uleule mmoja hazipigwi na jua kila mchana, na taulo jeupe kwenye buti kwa wanaotoka baharini.

Ukitaka kujua kama kazi yako imekamilika, chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo, kibonyeze kwenye siti uhesabu mpaka thelathini. Kinapaswa kutoka kama kilivyoingia. Ami yangu ana namna yake. Miaka imepita, na hata leo nikimfungulia mlango, kwanza hutoa kitambaa chake cha mfukoni, akakipitisha kwenye siti kutoka juu hadi chini, akakitazama mbele na nyuma, ndipo akakusanya kanzu yake akapanda.